Mawese ya kupikia egusi: ninunue yapi? Achana na rangi, sikiliza koo

Tangu niweke lile pishi la supu ya egusi, ile ya Nigeria ya mbegu za jamii ya tikiti zilizosagwa, lalamiko linalojirudia kuliko yote si kwamba egusi haikushikana au mboga ilitoka nyeusi, ni koo. Dada mmoja yuko Dar anasema alifata kila hatua, mbegu kasaga mwenyewe, stokfishi (samaki mkavu) kapata, kamba wakavu wapo, ila kila aliyekula mezani alikohoa. Mwingine yuko London, hivohivo. Mwingine Mwanza akaona egusi ndo mbovu akamwaga sufuria zima na mbegu zilizobaki akatupa, imeniuma sana maana huko egusi inapatikana kwa tabu na haikuwa na kosa lolote. Wapendwa, shida ni mawese. Kwa hiyo leo naongelea kununua mawese tu.

Rangi sitakaa nayo, kila mtu anajua kuangalia rangi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilikuta Sudan IV, rangi ya viwandani isiyotakiwa kabisa kwenye chakula, ndani ya mawese yanayouzwa masokoni, na toka hapo wanunuzi wa Afrika Magharibi yote wanachungulia wekundu. Wana haki ya kuogopa, ila kwa macho huwezi kuthibitisha, hiyo kazi ya maabara, wewe nunua kwa mtu anayejulikana au chupa yenye namba ya NAFDAC, mamlaka ya chakula na dawa ya Nigeria, tusonge mbele.

Kitu ambacho watu hawaulizi kabisa dukani ni hiki: ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilikaa siku ngapi toka zikatwe mpaka zikachemshwa? Tunda la mchikichi likishachubuka, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinaanza kuvunja mafuta palepale, yanatoka asidi huru, na hizo ndo zinazokereketa koo. Kuchemsha au kupiga mvuke kunakizima kile kimeng'enya. Sasa wakamuaji wengi wa vijijini wanaacha mikungu ikae siku kadhaa ili ngazi zidondoke zenyewe kirahisi, wengine wanaziacha mpaka zichache zilainike ndo wazitwange, na kila siku inayopita ukali unaongezeka. Ongeza na maji yaliyobaki ndani ya mafuta kwa sababu mtu hakuyakausha vizuri jikoni, basi ukali unaendelea kupanda hata ndani ya dumu lako nyumbani. Kwenye biashara ya kimataifa mawese ghafi yanatakiwa yasizidi asilimia 5 ya asidi huru. Yale ya kuchachisha yanapita hapo mbali sana, na Nigeria wenyewe toka zamani za biashara ya wakoloni waliyatenganisha, mafuta laini upande mmoja na mafuta magumu upande mwingine, magumu ndo haya yenye asidi nyingi, yanaganda kwa nguvu.

Na hapa ndo pazuri kwa mnunuzi, kwa sababu kuganda unakuona bila kipimo. Kwenye joto la Lagos au Dar mawese mazuri yanakuwa majimaji juu na uji mzito chini, ukitikisa yanachanganyika. Ukikuta yamekaa kama sabuni toka juu mpaka chini na jua linawaka nje, acha hapohapo. Ila aliye Nairobi mwezi wa saba au aliye Ulaya asitumie kipimo hiki, kwenye baridi yanaganda yote, mazuri na mabaya.

Hivyo huko onja. Tone moja, lipeleke nyuma ya ulimi, meza, subiri kidogo, usiongee. Mawese mazuri yanaacha ladha tamu ya tunda, basi. Mabaya yanakuja kwa kuchelewa, unadhani yako sawa halafu koo linaanza kuwasha, kwa hiyo muuzaji anayekuharakisha ulipe kabla hujameza anajua anachofanya. Ukifika nyumbani weka kijiko kimoja kwenye sufuria kavu, moto wa kati. Yakiruka na kupasukapasuka yana maji. Yakitoa moshi mapema kabla hata hayajapata moto sawasawa, asidi ni nyingi. Na tafadhali msiniambie mtayachoma mpaka yawe meupe ili ukali uishe, kinachoondoka kwanza ni karotini, ile inayoyapa wekundu, na ile ladha uliyoyanunulia, egusi itakuwa na sura ya uji.

Haya, ya kununua. Namba moja kwangu ni Banga ya kampuni ya Okomu, jimbo la Edo Nigeria, na sifichi kwamba nayapenda, jikoni kwangu ndo yanayokaa. Sababu ni hiyohiyo ya siku za kukaa: wana mashamba yao na kiwanda chao hukohuko, ngazi hazisubiri lori la mtu wala soko la wiki. Koo halishtuki kabisa. Unakaanga kitunguu, unatia egusi iliyokandwa na maji kidogo, unafunika moto mdogo, mafuta yanapanda juu mekundu masafi, hakuna harufu ya dumu. Watu wa jimbo la Delta watasema kwa supu ya banga yenyewe, ile ya ngazi, lazima ukamue ngazi za kienyeji mwenyewe, na kwa hiyo supu wako sahihi, lakini kwa egusi na supu nyingine za Nigeria kama ogbono na edikang ikong, mimi sijapata ya kuyapita. Ubaya wake ni bei, na ukitoka nje ya Nigeria kuyapata ni kazi.

Namba mbili ni ya kijijini kwa mkamuaji unayemjua, majimbo ya Nigeria ya Edo, Delta, Imo, Abia, Akwa Ibom. Sio "kutoka kijijini" ya mdomoni mwa muuzaji, namaanisha mama ambaye unaweza kumpigia ukamuuliza mama, mlikata lini mkachemsha lini, na akajibu bila kukasirika. Akisema kesho yake au keshokutwa, chukua, na kwa ladha peke yake haya yanaweza kuyashinda hata yangu ya namba moja. Tatizo ni kwamba mzigo huu haufanani na ule, kwa hiyo onja kila dumu, hata kwa mama uliyemzoea miaka.

Mlioko Ulaya na Marekani mnakutana sana na ya Ghana. Praise ni ya kuaminika kiasi, ladha ndo hiyohiyo tunayoitaka. Zomi ni nzuri ila ina harufu yake ya viungo, kwenye maharage ni raha, kwenye egusi inagombana na ogiri au iru, vile viungo vya mbegu zilizochachushwa, mimi siitii. Carotino ya Malaysia ina wekundu na haikereketi hata kidogo, ila ni mchanganyiko na mafuta ya kanola, ladha ya mawese imepungua sana, mgonjwa au mtoto asiyezoea sawa, lakini ukimpa Mnigeria atakuuliza umesahau nini.

Wa nyumbani Tanzania, Burundi na Kongo, msiagize kitu mbali kabla hamjajaribu mawese yenu. Ya Kigoma yanapika egusi vizuri kabisa, mchikichi ni uleule, na watu wa Kigoma na wa Kongo wanayajua mawese kuliko mimi, waulizeni yale ambayo ngazi hazikulala. Mafuta ya njano yaliyosafishwa ya kukaangia chipsi hata kama yameandikwa mawese sio haya, usinunue.

Ya bei chee, ya kupimiwa kwenye chupa tupu ya maji pembeni ya barabara: onja, ukikohoa ondoka. Sina la zaidi.

Sasa wauzaji. Niseme tu maana nimechoka. Dumu linaitwa lita 25, ukiliangalia tumbo limebonyezwa, chini limesukumwa ndani, shingo halijajaa, na ukiuliza unaambiwa madumu yote ndo yalivyo. Sio kweli. Lita 25 za mawese zinakaribia kilo 23 bila uzito wa dumu, kwa hiyo beba mzani wa kuning'iniza kama ule wa mabegi ya safari, upime mbele yake, na wengi wakiuona tu dumu jingine linatokea nyuma ya duka. Na chini ya dumu kuna vidole viwili vya maji na machicha ambavyo unavilipia bei ya mafuta, na ndo hayohayo maji yanayoyaharibu yaliyo juu. Halafu maduka ya huko nje yanayopanga chupa dirishani jua linapiga miezi na miezi ili zionekane nyekundu, mwanga unaua mawese, jamani, yawekeni ndani! Chukua chupa ya nyuma kabisa ya rafu.

Bei ndo inayoniumiza zaidi. Mavuno makubwa ya ngazi Nigeria yanakuja kati ya mwezi wa pili na wa tano, mafuta yanakuwa mengi bei inashuka, wenye hela wananunua wanajaza maghala, halafu kuelekea Krismasi wanayatoa kidogokidogo kwa bei wanayotaka wao. Mama wa kawaida anayepikia watoto analipa bei ya Desemba kwa mafuta ya Machi, na yamekaa ghalani miezi yote hiyo kwa hiyo na ukali umeshaongezeka, yani analipa zaidi apate kibaya zaidi.

Kwa hiyo kama una nafasi changeni watu wawili watatu mwezi wa tatu au wa nne, nunueni dumu moja zuri mgawane. Ukifika nalo yapashe moto mdogo mpaka maji yaishe na yaache kutoa sauti, yapoe, yachuje kwa kitambaa, yatie kwenye chupa kavu zisizopitisha mwanga, ujaze mpaka karibu na kifuniko hewa isibaki. Chupa kubwa weka mbali na jiko, ndogo ya kutumia ndo ikae karibu, na kijiko chenye maji kisiingie humo.