Brownies za pakiti ama upike mwenyewe? Uzoefu wangu hapa Nairobi

Wacha nianze na hukumu ndio mwenye haraka asome aende zake: ule unga wa brownies wa pakiti, ule unaongeza mayai, mafuta na maji basi, unakupea keki ya chokoleti. Keki tamu, sikatai, watoto watamaliza trei, lakini kama unataka ile brownie nzito yenye inashika meno na juu ina kangozi kanachong'aa, hapo hujafika. Nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya harufu.

Pakiti yenyewe ni ya kutoka nje, nilinunua supamaketi. Ndani ya oveni ilifura vizuri mpaka nikaanza kuita watu, kuitoa tu ikazama katikati na pembeni ikawa kavu kama biskuti. Na msikimbilie kulaumu oveni. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa hivyo baking powder inafura haraka kabla unga haujashikana, halafu unyevu nao unaisha upesi. Baadhi ya pakiti za Marekani huwa hata na maagizo ya kando ya wanaoishi juu ya futi 3,500, na sisi tumepita 5,000, lakini nani husoma ubavu wa pakiti jamani.

Sasa mimi napika yangu na baking powder siweki hata chembe. Chokoleti nyeusi gramu 200, siagi 150, sukari 250, mayai matatu, unga wa ngano 80, kakao 40, chumvi kidogo na kijiko cha kahawa ya unga (hutasikia kahawa, utasikia chokoleti imekolea). Chokoleti na siagi nayeyusha kwa bakuli juu ya sufuria ya maji moto, halafu mayai na sukari unapiga mpaka mkono uchoke kwa sababu sukari yetu ina punje kubwa na isipoyeyuka hicho kingozi cha juu hukipati. Unga ukiingia koroga kidogo tu uwache.

Lakini kitu kimoja ndio kinaamua kila kitu, nayo ni chokoleti. Geuza usome viungo. Ukiona siagi ya kakao, beba. Ukiona mafuta ya mawese ama mafuta ya mimea mahali pa siagi ya kakao, hiyo ni ya kupakia keki juu, kwa brownies inaacha utando flani mdomoni hata uweke kakao aje. Ni ghali ndio, tangu 2024 vile kakao ilipita dola 10,000 kwa tani sokoni huko duniani baada ya mavuno kuwa mabaya Ghana na Ivory Coast, bei za chokoleti zimekuwa kichwa ngumu. Na inauma zaidi ukikumbuka Bundibugyo hapo Uganda na Kyela kule Tanzania wanalima kakao, majirani kabisa, alafu sisi tunanunua chokoleti imezunguka Ulaya kwanza.

Trei si lazima ya bei. Mafundi wa Kamukunji watakukatia ya bati ya inchi nane, weka karatasi ya kuokea ndani na uache masikio ya kushikia. Oveni yangu ni ile ndogo ya mezani ya wati 1,500, naweka digrii 175 kama dakika 25, hata ikiwaka mfululizo haimalizi yuniti moja ya tokeni kwa hivyo msiogope stima. Itoe katikati ikiwa bado inatingika kiasi. Kijiti kikitoka kisafi umechelewa, unataka kitoke na makombo yenye unyevu.

Alafu usikate ikiwa moto, najua ni ngumu, nyumba nzima inanukia na watu wamesimama mlangoni na vikombe vya chai. Ipoe, iingie friji ilale, kesho ukate na kisu ulichochovya maji moto ukapanguza. Vile vipande vya kona ficha mapema.