Sampla ipi ununue sasa, na ipi inafaa kusubiriwa

Sampla ni mashine inayorekodi kipande cha sauti, kukikata, kukibadilisha na kukipiga upya kwenye pedi (vitufe vipana vya kugonga kwa kidole) bila kuhitaji kompyuta. Anayeitafuta hukutana kwanza na takwimu nyingi: sauti ngapi zinapigwa kwa pamoja, kumbukumbu ni kubwa kiasi gani, efekti (njia za kubadilisha sauti, kama mwangwi) ziko ngapi. Takwimu hizo zina kazi yake, lakini swali ninalolitanguliza mimi ni hili: tangu sikio liisikie sauti hadi kidole kiipige, panapita muda gani na hatua ngapi? Nimezipanga mashine hizi kwa kigezo hicho, nikizingatia pia umeme na gharama za kuifikisha mashine mkononi, kwa sababu mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi hawezi kuyakwepa mawili hayo.

Kabla ya kupanga lolote, nitoe tahadhari moja. Zipo mashine zinazoitwa sampla ambazo hazirekodi sauti yoyote zenyewe. Elektron Model:Samples na Korg volca sample ni mifano miwili inayojulikana: sauti huandaliwa kwingine na kuhamishiwa ndani, kisha mashine huzipiga. Ni vyombo vizuri vya kupangia midundo, na bei zake huvutia, lakini aliyenunua kwa nia ya kurekodi atajuta siku ya kwanza atakapotafuta tundu la kuchomekea maikrofoni asilione.

Nafasi ya kwanza naipa Roland SP-404MKII, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya karibu dola 500. Ina pedi 16 pamoja na moja ndogo ya ziada, hifadhi ya ndani ya GB 16, na inatumia umeme wa USB-C au betri sita za AA. Kilichoipandisha hadi hapo ni uwezo wake wa kurudi nyuma: mashine husikiliza muda wote inapokuwa imewashwa, na ukibonyeza kitufe kimoja inakupa sekunde 25 zilizokwisha kupita. Niliuelewa uzito wa jambo hilo uani kwa shangazi, umeme ukiwa umekatika, yeye akitwanga mahindi. Nilikuwa nimechomeka maikrofoni nikijaribu tu kiwango cha sauti. Mara mchi ukagonga ukingo wa kinu, ukatoa mlio mkavu wa juu, na papo hapo ukafuatia mshindo mzito wa chini. Mgongano wa namna ile haurudiwi kwa kuombwa, maana ukimwambia mtu arudie, mkono wake hubadilika. Nilibonyeza kitufe, nikaupata, nikaukata sehemu mbili, nikaushusha ule mshindo hadi ukawa ngoma ya chini ya biti nzima, huku shangazi akiendelea kutwanga. Hakuna mashine nyingine katika mwongozo huu ambayo ingenipa matokeo hayo kwa urahisi ule. Kasoro zake zipo: haina maikrofoni wala spika ya ndani, skrini yake ni ndogo, na kazi nyingi zimefichwa nyuma ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, hivyo wiki za mwanzo ni za kukariri. Betri za AA nazo huisha haraka, kwa hiyo pawabenki yenye nguvu ya kutosha ihesabiwe kuwa sehemu ya ununuzi.

Akai MPC One+ ya mwaka 2023 inafuata, na kwa mtu anayetaka kumaliza wimbo mzima ndani ya mashine moja inaweza kuwa ya kwanza. Jina la MPC lina uzito wake tangu mwaka 1988, Akai ilipotoa MPC60 iliyobuniwa na Roger Linn, na mpangilio wa pedi nne kwa nne aliouweka bado unaigwa hadi leo. One+ ina skrini ya kugusa ya inchi 7, hifadhi ya GB 16 na Wi-Fi, na kukata sauti ndefu kwa kidole juu ya skrini hiyo ni rahisi kuliko kwenye mashine yoyote niliyoitaja. Ilitoka kwa karibu dola 700. Tatizo ni kwamba haina betri. Umeme ukikatika, kazi ambayo hujaihifadhi imepotea, na anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa anapaswa kuongeza kwenye bajeti kifaa cha kuhifadhi umeme, au atafute MPC Live, yenye betri yake ndani, hata kama ni ya mkono wa pili.

Elektron Digitakt II, inayotengenezwa na kampuni ya Gothenburg nchini Sweden, ni ya tatu kwangu, ingawa naiheshimu sana. Ina njia 16 zinazopokea sauti za stereo, na sikwensa yake, yaani sehemu ya kupangia midundo hatua kwa hatua, inaruhusu kila hatua ya mdundo ipewe sauti, mwinuko na mwangwi wake peke yake, kiasi kwamba kipande kimoja cha marimba kinaweza kuendesha wimbo mzima bila kuchosha. Lakini ilitoka mwaka 2024 kwa karibu dola 1,000, nayo pia haina betri. Mwenye fedha kidogo aitazame Digitakt ya kwanza ya mwaka 2017: ni ya mono, ina njia nane za sauti na kumbukumbu ya MB 64 kwa kila mradi, na bado inafanya kazi nzuri.

Ya nne ni EP-133 K.O. II ya Teenage Engineering, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2023 kwa dola 299. Ina maikrofoni na spika ndani yake, inatumia betri nne za AAA, na mtoto wa miaka kumi anaweza kutengeneza mdundo juu yake kabla chai haijapoa. Kumbukumbu ya MB 64 iliyotoka nayo hubeba takriban dakika 11 tu za sauti ya mono, kwa hiyo anayerekodi sana atalazimika kufuta mara kwa mara.

Sasa niingie kwenye mashine ninayoisubiri mwenyewe, M8 ya Dirtywave. Hii ni kazi ya mtengenezaji mdogo wa Marekani, Timothy Lamb, naye hutoa mashine kwa mafungu: oda hufunguliwa, fungu huisha, na waliobaki husubiri jingine. M8 inaenea kiganjani, ina vitufe vinane, njia nane za sauti, hurekodi na kuhifadhi kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na utunzi wote huandikwa kwa safu za namba zinazoteremka kwenye skrini, kwa utaratibu uliotokana na LSDJ, programu ya kutungia muziki kwenye Game Boy, mashine ndogo ya michezo ya mkononi. Model:02, toleo lililokuja baada ya lile la kwanza, lina skrini kubwa zaidi. Nimeiacha nje ya orodha kwa sababu siwezi kuipangia nafasi mashine ambayo msomaji hawezi kuinunua siku anayoitaka.

Uzuri ni kwamba mtengenezaji ametoa bure programu ya M8 inayofanya kazi kwenye kibao kidogo cha elektroniki kiitwacho Teensy 4.1, kinachouzwa kwa takriban dola 30. Unakiunganisha na kompyuta, skrini inaonekana hapo, na unajifunza utaratibu wote kabla ya kutuma fedha kubwa. Mimi nimefanya hivyo kwa miezi mitatu. Majuma mawili ya kwanza nilitaka kuacha, lakini sasa vidole vinajua njia kuliko kichwa.

Kusubiri kuna masharti yake, na niliyajifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nililipa fedha yote mapema kwa mtengenezaji mwingine mdogo, nikangoja miezi 14, na muda huo wote sikuwa na sampla yoyote ya kufanyia kazi. Mashine ilipofika ilikuwa nzuri, lakini nyimbo nilizokuwa nazo kichwani wakati ule zilikuwa zimeshapotea. Tangu hapo naweka oda tu ikiwa tayari ninayo mashine inayofanya kazi, na ikiwa mtengenezaji ameshafikisha fungu angalau moja kwa wanunuzi na anatoa maboresho ya programu kwa waliokwisha kununua. Kodi nayo naitenga pembeni tangu siku ya oda: VAT ni asilimia 18 Tanzania na asilimia 16 Kenya, ambayo hukokotolewa pamoja na thamani ya usafirishaji, na ushuru wa forodha unaweza kuongezwa. Jambo la mwisho ninalokagua ni chaja, ambayo inapaswa kuandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Iliyoandikwa volti 120 peke yake inaweza kuungua ikichomekwa kwenye soketi zetu.