Vitunguu vya Kununua Dar: Ganda Kavu Kwanza, Bei Baadaye

Sehemu muhimu ya lishe ya kitunguu imo kwenye tabaka za nje. Huko ndiko iliko kwesetini, kemikali ya asili inayosaidia kulinda seli, ambayo vitunguu vyekundu na shaloti vinayo kwa wingi, na vyeupe vinayo kidogo mno. Kitunguu kizima kikikaa pakavu penye hewa, kwesetini hiyo haipungui sana hata kwa miezi kadhaa. Kinachoshuka ni vitamini C, pamoja na fruktani (aina ya nyuzinyuzi), ambazo kitunguu huzivunja kuwa sukari kinapojiandaa kuota.

Kwa hiyo hapa Dar hasara kubwa hutokea tunapomenya. Unyevu ukishaozesha tabaka mbili za nje, unazitupa, na kwesetini nyingi inaondoka nazo. Nimevipanga hapa chini, bora kwanza, nikiangalia hilo.

1. Vikavu vya kupima kwa kilo, kutoka gunia la wavu. Hivi ndivyo ninavyovipendekeza kwa nyumba nyingi. Iwe Kariakoo, Ilala au Mabibo, omba uchague mwenyewe. Shingo iwe nyembamba, imekauka na kujifunga; shingo nene yenye ubichi ni mlango wa kuoza. Bonyeza hapo kwa kidole gumba, na kikibonyea kirudishe. Kisha tazama chini ya ganda. Ukiona unga mweusi, huo ni ukungu unaopenda joto na unyevu, na masika unauona kila mahali. Muuzaji atakwambia vimetoka Mang'ola, Singida au Ruaha Mbuyuni, na kote huko hutoka vizuri. Mimi huuliza zaidi kama vilianikwa vikakauka kabla ya kupakiwa, maana kitunguu kilichong'olewa na kusafirishwa kibichi hakikai, hata kiwe kizuri vipi kwa macho.

2. Fungu la gengeni. Ukipiga hesabu kwa kilo unalipa zaidi, lakini unanunua cha kupika leo na kesho, kwa hiyo hakipati muda wa kuharibikia kwako. Geuza fungu uone vya chini. Vilivyoachwa juani gengeni kutwa nzima usichukue.

3. Shaloti za supamaketi. Zina kwesetini nyingi na ladha tamu, ila bei yake ni kubwa na mara nyingi zimefungwa kwenye plastiki. Kifungashio kikiwa na matone ya maji kwa ndani, usichukue.

4. Gunia zima. Linamfaa mama lishe au mwenye shughuli. Kwa familia ya watu watano ni kujitafutia hasara, hasa likiwa lumbesa: vya chini vimebanwa, vimechubuka, na kimoja kikioza kinaambukiza jirani zake. Ukilazimika kulinunua, limwage siku hiyo hiyo, uchambue.

5. Vilivyomenywa au kukatwa tayari. Tabaka bora zimeshapungua, na kisu kikishapita, kemikali za salfa zinazotupa harufu na machozi huanza kupotea. Nunua pale tu unapopika muda huo huo.

Vya majani sijavipanga, kwa kuwa kazi yake ni nyingine. Majani mabichi ni chanzo kizuri cha vitamini C, lakini ni ya kuliwa ndani ya siku chache.

Nyumbani, vitandaze kwenye tenga au vining'inize kwenye wavu, mbali na sinki na mbali na viazi, ambavyo hutoa unyevu. Joto letu la nyuzi 30 halichochei kuota kama ubaridi wa nyuzi 10 hadi 20. Adui ni unyevunyevu. Ndiyo maana droo ya mboga ya friji haifai kwa kitunguu kizima. Kilichokatwa kifunike, kiingie friji, kiishe kesho yake.

Unapomenya, toa ganda kavu tu. Ukichemsha, maji yabaki kwenye mchuzi, kwa sababu sehemu ya kwesetini huhamia humo.