Kusomewa "riot act" na kutolewa uvivu

Magazeti ya Kiingereza hapa Nairobi yanapoandika kwamba waziri amewasomea maafisa wake "riot act", wengi wetu hutafsiri mara moja kuwa amewatolea uvivu, ingawa misemo hii miwili haina uzito sawa. Ule wa Kiingereza umetokana na sheria halisi iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1715: hakimu aliwasomea tangazo watu 12 au zaidi waliokusanyika kwa fujo, na aliyekuwa bado amesimama pale baada ya saa moja angeweza kuhukumiwa kifo. Sheria yenyewe imekwisha kufutwa, lakini msemo umebaki na mambo mawili ya asili yake, yaani mamlaka ya anayekemea na adhabu inayomngoja mkaidi.

Kumtolea mtu uvivu hakuhitaji cheo. Mama mboga wa Gikomba humtolea uvivu mteja aliyebonyezabonyeza nyanya zake zote kisha akageuka kuondoka bila kununua, na mteja huyo, hata akiwa meneja wa benki, hana la kujibu. Hapo hakuna tishio. Kuna ukweli uliozuiwa na haya kwa muda, kisha ukasemwa waziwazi. Ndiyo maana naona kwamba mfasiri anayeandika kuwa waziri "amewatolea uvivu" maafisa anampunguzia makali, na afadhali aseme "amewapa onyo kali". Kwa mwenye matatu anayemwambia kondakta kwamba akileta tena hesabu pungufu asirudi kazini, msemo wa Kiingereza unatosha barabara.