Petroli au klorini: askari mpya wa zimamoto aanze na somo lipi la kemikali hatari?

Wakufunzi wengi wangeanza na petroli, na kwa Dar es Salaam wana hoja: malori ya mafuta hayakauki Barabara ya Mandela. Kibao cha rangi ya chungwa chenye 33 juu (alama ya kimiminika kinachowaka upesi) na 1203 chini (namba ya petroli) kinamaliza utambulisho. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa mitaroni ukitafuta cheche. Dawa ni povu, na kuwafukuza wenye madumu. Morogoro, Agosti 2019, waliochota mafuta ya lori lililopinduka waliungua, na waliokufa walizidi 100.

Mimi ningeanza na klorini, namba 1017. Haiwaki, hivyo inamvua askari tabia ya kukimbilia bomba la maji. Gesi hii ya kijani-njano ina uzito wa mara mbili na nusu ya hewa. Hujikusanya mabondeni na kuunguza mapafu. Ukimwagia maji mtungi unaovuja, tundu hutanuka kwa kutu ya asidi. Kwanza unasimama, mgongo kwa upepo, mbali, unasoma namba kwa darubini. (Vijana hulichukia zoezi hili, halina king'ora.) Petroli ingoje wiki ya pili.