AudioMoth kwa kurekodi bundi usiku: kinafaa, ila angalia saa

Kikasha hiki cha kunasa sauti hutumia betri tatu za AA na kadi ya microSD. Hakina skrini, jambo linaloudhi, lakini kwa bundi wa Karen au msitu wa Karura, Nairobi, kinatosha kabisa. Weka kHz 16, yaani sampuli 16,000 za sauti kwa sekunde. Zaidi ya hapo ni kujaza kadi bure. Saa moja hula takriban MB 115, kwa hiyo usiku wa saa 12 ni kama GB 1.4.

Kinachoharibu kazi ni saa. Kifaa hufuata UTC (saa za kimataifa), saa tatu nyuma ya Nairobi. Ukiandika 18:00 kwenye kompyuta unapokipangia ratiba, bila kuchagua saa za hapa, kitaanza saa tatu usiku, na magharibi, bundi wa msituni wanapoanza kuitikiana, itakuwa imeshapita. Dume hutoa mlio mzito, jike hujibu kwa sauti ya juu zaidi. Kwenye spektrogramu (picha ya sauti, ya chini kwenda ya juu) milio hiyo hukaa chini kabisa, palepale panapojaa ngurumo za jenereta na magari. Kifunge mbali na barabara, majani yasikiguse. Mvua ikipiga kifuniko cha plastiki, husikii kingine.

Ukibadilisha betri, rekebisha saa upya kwa kompyuta.