Taurini ya mbwa: kupima plazma au damu nzima?
Taurini ni asidi amino ambayo moyo wa mbwa huihitaji. Plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, huonyesha zaidi alichokula mbwa karibuni. Damu nzima huonyesha akiba ya mwilini. Upungufu ni chini ya nanomoli 40 kwa mililita ya plazma, au 150 kwa damu nzima.

Plazma huharibika kirahisi mno. Chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu zimejaa taurini, hivyo sampuli ikianza kuganda, taurini huvuja na majibu hupanda kwa uongo: mbwa mwenye upungufu anaonekana mzima. Tumia chupa ya heparini (kizuia damu kuganda), igeuze taratibu bila kuitikisa, tenganisha plazma mara moja.

Kama mashine ya kutenganisha damu iko mbali, chagua damu nzima. Vyovyote vile, chukua sampuli kabla ya kumpa mbwa dozi ya kwanza ya taurini.